Hodi kwenye Ghorofa ya Juu

Funguo hazibebwi mfukoni. Nianze na hilo, maana nyinyi vijana mnaoanza kazi za kutunza majengo huku Washington na vitongoji vyake, wengi wenu nawaona mnatembea suruali imelala upande mmoja kwa uzito wa chuma. Funguo huvaliwa kiunoni, upande wa mkono unaoutumia, na kila ufunguo uutie rangi ya kucha kichwani: nyekundu mlango wa nje, buluu vyoo, kijani boila. Rangi yenyewe si lazima ununue. Mimi nilianza kwa kuchukua chupa za mke wangu kimyakimya, mpaka siku moja akaniuliza kwa upole kama huko kazini nina mke wa pili anayependa kucha za kijani.

Nimestaafu sasa. Naishi Beltsville kwa binti yangu, pamoja na magoti yangu mabovu na wajukuu ninaowasemesha Kiswahili wakanijibu Kiingereza. Kila mmoja anamwelewa mwenziwe na maisha yanakwenda. Tukikutana msikitini au harusini, watu huniletea vijana wao: "Mzee Seif, huyu kapata kazi ya jengo, hebu mpe mawili matatu." Nimeona bora niandike, kwa sababu mawili matatu yangu hayaishi na biriani hupoa.

Jengo langu lilikuwa mtaa wa Wachina, katikati ya mji, karibu na lile lango kubwa lililovuka barabara, lenye mapaa ya rangi na majoka. Nasema langu kama mlinzi anavyosema benki yake. Ilikuwa nyumba ya matofali mekundu, nyembamba, kongwe kuliko babu yangu. Chini palikuwa na chekechea siku za kazi. Katikati palikuwa na ofisi ya mhasibu mmoja asiyependa kuonekana. Juu kabisa palikuwa na chumba kimoja kirefu chenye madirisha ya kutazama barabarani, na humo, kila Jumamosi, shule ya Kichina.

Nyumba ile ilikuwa imetangazwa kuwa ya kihistoria. Mkipata jengo la namna hiyo, jueni kwamba mmeoa bibi kizee mwenye mawakili. Kwa nje huruhusiwi kubadilisha hata rangi ya mlango bila kuomba. Kioo kimoja kilipopasuka nilisubiri ruhusa mpaka buibui akafanya makazi kwenye ufa. Ila kwa ndani hakuna aliyeuliza kitu. Ungetaka ufuge kuku ghorofa ya juu, sheria ya historia isingekuzuia. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mkongo, Papa Ilunga, aliyetunza jengo lile kabla yangu. Siku ya kwanza alinishusha kwenye boila, kule chini ya ardhi, nami kwa kiherehere nikashika spana. Akaninyang'anya.

"Seif, weye mikono inakimbia mbele ya masikio," akasema. "Anza kusikia kwanza. Hii chaudière inasemaka. Ikiwa na shida inaita, ikiwa muzima inapumua. Kaa pale."

Nikakaa juu ya ndoo, tukasikiliza boila kama watu wanaosikiliza taarifa ya habari. Sikusikia kitu. Kesho yake tukakaa tena, na keshokutwa, na hatimaye nikaanza kutofautisha maji yanayochemka na hewa iliyonaswa kwenye bomba. Mabomba ya joto yakigonga usiku wa baridi, vijana, si shetani wala si wapangaji wa juu. Ni hewa iliyonaswa pasipostahili. Fungua vali polepole, tega kikopo, acha hewa itoke ikizomea mpaka ianze kutema maji, kisha funga. Papa Ilunga alihamia kwa wanawe Kanada, lakini kila nikishika spana bado namsikia.

Mimi kwa asili ni mtu wa kutaka kujua. Mama yangu alisema nilizaliwa nikiuliza mkunga ametokea mtaa gani. Basi siku za kazi, saa ya chakula, nilikuwa nazunguka mtaani na mkate mkononi nikisoma vibao, maana Washington ni mji wa vibao. Iko nyumba pale ambayo chini wanauza chakula, na ukutani kibao kinasema kwamba zamani watu walikutana humo kupanga njama ya kumuua rais. Nilikuwa nikisimama mbele yake nawatazama watu wakitoka na tambi zao, nikijiuliza kama wanajua wamekaa chumba gani. Kuna makazi ya wazee wa Kichina ambao asubuhi hutoka kunyoosha viungo, taratibu, kama watu wanaosogeza maji. Kuna na lango lenyewe, ambalo wageni wote hulipiga picha kutoka mahali pamoja, katikati ya barabara, huku wakipigiwa honi.

Kilichonishughulisha zaidi lakini ni maandishi. Kila duka pale, hata la kahawa ya Kimarekani, hata la simu, lina jina lake kwa Kichina juu ya mlango. Ndio utaratibu wa mtaa. Na Wachina wenyewe wengi wamekwishahama, kodi imewashinda, wamekwenda Maryland na Virginia kama sisi. Kwa hiyo nikawa naulizana na nafsi yangu: haya yote anayasoma nani?

Jibu lilikuwa juu ya kichwa changu, ghorofa ya juu. Nililipata siku niliyojifungia kwenye kona kwa nta.

Nta ya sakafu, sikilizeni vizuri, huanzia ukuta wa mbali ikarudi nyuma kuelekea mlangoni. Hata mtoto anajua. Siku hiyo kulikuwa na harusi ya mpwa wangu Zanzibar, mwili uko Washington na roho iko Mkunazini inakula pilau, nikaanzia mlangoni. Nilipozinduka nimo kwenye kona ya dirisha, sakafu yote inang'aa mbele yangu na mlango uko upande wa pili. Ukiikanyaga nta mbichi, utakwangua na kuanza upya. Nikasimama na fimbo ya deki mkononi kama askari aliyesahauliwa lindoni.

Hapo ndipo alipotokea Mwalimu Lin. Mama mdogo wa umbo, sweta la kijivu, mfuko wa brashi begani. Tulikuwa tunasalimiana tu ngazini, salamu za mapito. Akaitazama sakafu, akanitazama mimi, wala hakucheka, jambo ambalo namshukuru mpaka leo.

"Itakauka lini?" akauliza.

"Baada ya muda."

"Basi tungoje," akasema, akavuta kiti pale ukumbini, akaketi.

Tukaongea nta ikiwa katikati yetu. Nikaona ndiyo nafasi yangu, nikamuuliza yale maandishi ya madukani anayasoma nani.

"Wanafunzi wangu," akasema. "Siku ya jua nawatoa nje, tunasoma maduka. Lile la kahawa ni zuri kwa wanaoanza. Maandishi yake mepesi."

Akaniambia watoto wanaletwa na wazazi wao kutoka Annandale na mbali zaidi, na kwamba wazazi wengine aliwafundisha yeye wakiwa wadogo, nao wakati ule walikuja wakilia. Sasa wanawaleta wao wa kwao wakilia. "Nikiwasemesha wananielewa," akasema. "Lakini wananijibu Kiingereza."

Nilicheka mpaka nikakaribia kuikanyaga nta. Nikamwambia mama, hiyo ni nyumba yangu unayoisema. Tangu siku ile tukawa marafiki.

Sasa niwaeleze habari ya hodi, maana ndiyo iliyotaka kuiua shule ile.

Mimi nimelelewa kwamba nyumba ya mtu haiingiwi hivihivi. Unasimama pembeni mwa mlango, si mbele yake, uso umeugeuzia ukutani ili ukifunguliwa macho yako yasitangulie ndani. Unasema hodi. Usipojibiwa unasema tena. Ukifika ya tatu na kumekaa kimya, unaondoka, wala hununi, kwa sababu mwenye nyumba ana haki ya kutokuwa tayari. Huu si ustaarabu wa vitabuni. Mama yangu aliwahi kunirudisha barabara nzima kwenda kumwomba radhi jirani kwa kuchungulia kabla ya hodi ya tatu. Nami nikabeba tabia hiyo mpaka Amerika, nikawa na funguo za kila mlango wa jengo lile na bado nasema hodi kila mlango.

Aliyekuwa akinicheka zaidi ni Njeri, dada wa Kikenya tuliyesafisha naye Jumamosi.

"Mzee Seif, wewe ni maneno," alikuwa akisema. "Keys zote ziko na wewe na bado una-knock? Hata choo?"

"Choo hasa," nikamjibu.

Watoto wa shule ya Kichina, kinyume chake, waliipenda. Kila Jumamosi wakimaliza masomo nilipanda kufagia, nikasema hodi, na mtoto mmoja siku ya kwanza akauliza hiyo ni nini. Nikawaambia: mimi nikisema hodi, nyinyi semeni karibu, bila hivyo siingii hata paa likianguka. Ikawa mchezo wao. Nikifika tu, chumba kizima kinapaza karibu, na Mwalimu Lin mwenyewe, aliyekuwa mtu wa sauti ndogo, nilimwona midomo ikicheza pamoja nao.

Mwenye jengo alikuwa mzee mmoja aliyekaa mbali. Alipofariki nyumba ikarithiwa na binti yake, Dana. Msimdhanie vibaya. Alinisalimia kwa jina, akanitengenezea taa za ngazini ambazo baba yake alizipuuza miaka. Siku moja akanikuta chini akanieleza wazi. Watu wa jimu, wale wa mazoezi ya viungo, walitaka ghorofa ya juu.

"Nimeambiwa ile shule ilikufa zamani," akasema. "Watu wangu wamepita Jumamosi mchana zaidi ya mara moja, hawakusikia hata kikohozi. Kama ipo kweli, Seif, nitaiacha. Baba aliipenda. Lakini kama ni chumba kitupu chenye jina mlangoni, nitawapa watu wa jimu. Nitakuja nione kwa macho yangu."

Hakusema Jumamosi ipi. Nilipompasha habari Mwalimu Lin, alifunga mfuko wake wa brashi akasema, "Aje. Mlango upo." Sauti yake ilikuwa shwari, ila niliona alifunga kamba ya mfuko ule mara mbili, akaifungua, akaifunga tena. Alikuwa amefundisha kwenye chumba kile tangu nywele zake ni nyeusi. Nyumba ilikuwa ya kihistoria, matofali yake yamelindwa, kioo chake kimelindwa. Yeye hakulindwa na yeyote.

Dana alikuja Jumamosi ya jua la kwanza baada ya baridi ndefu. Mimi siku ile nilichelewa kwa sababu ya treni, kwa hiyo Njeri ndiye aliyefungua asubuhi. Adhuhuri nilikuwa kule chini kwenye boila, ndiko nilikokuwa nikisali na kula kila Jumamosi saa hiyo, nikasikia naitwa. Tukapanda na Dana mpaka juu. Nikasimama pembeni, uso ukutani. Nikasema hodi.

Kimya. Nikasema ya pili. Hakuna sauti, hakuna kiti kilichosogea. Nikafikiri moyoni: jua zuri, Mwalimu kawatoa wanasoma maduka. Nikasema ya tatu kwa sauti kubwa kidogo. Kimya kile kile.

Dana akatazama kiuno changu. "Si una ufunguo?"

"Ninao. Lakini hatujakaribishwa."

Alisubiri niseme zaidi. Kwangu mimi ilikuwa sentensi kamili. Mkono wangu ulikuwa juu ya ufunguo, na wallahi haukuinuka, kama vile mama yupo nyuma yangu ngazini. Nikamwambia labda wametoka, nikamshusha mtaani tukawatafute. Tukatazama kwenye duka la kahawa, tukatazama langoni. Hawapo. Dana akanishika bega kwa huruma kabisa.

"Asante, Seif. Najua ulitaka iwepo."

Gari lake likaondoka. Nilikuwa bado nimesimama mlangoni nikasikia viatu vinashuka ngazi, viatu vidogo vingi, na kelele zake. Watoto wote. Walikuwamo ndani muda wote. Moyo ulinianguka mpaka kwenye boila.

Njeri alikuwa anatupa taka. "Si mimi ndio niliwafungulia asubuhi?" akasema. "Ungefungua tu na key, story iishe."

"Hatukukaribishwa, Njeri."

"Wewe na hiyo karibu yako mtafungisha watu shule."

Hakuna tusi lililowahi kuniuma kama ukweli ule.

Nikapanda. Mwalimu Lin alikuwa anakusanya karatasi, kila moja ina herufi moja kubwa nyeusi. Nikamuuliza kama hakunisikia.

"Nilikusikia," akasema. "Mara tatu. Ilikuwa saa ya wino."

Ndipo nikaijua saa ya wino, ambayo kila Jumamosi ilinipita nikiwa chini nasali. Kwanza wanasugua kijiti cha wino juu ya jiwe lenye maji, mpaka maji yawe meusi. Kisha wanaandika, na kuanzia brashi inapogusa karatasi hakuna anayesema, hakuna anayesimama. Sehemu ya sababu ni heshima. Sehemu nyingine ilikuwa sakafu yangu. Mbao zile kongwe zilicheza. Mtu mmoja akipiga hatua mlangoni, meza zote zilitetemeka na mstari ulioandaliwa kwa muda mrefu ukaharibika.

"Nilidhani utangoja," akasema. "Mtu mwenye shida akifika wakati wa wino, anangoja. Mimi niliingoja nta yako."

"Kweli uliingoja," nikasema, "nami nilidhani utanikaribisha."

Tukatazamana. Watu wazima wawili wenye adabu, na shule imekwisha kati yao.

Nikampigia Dana simu. Hapa vijana niwape siri moja ya watu wa pwani: hatujui kukata simu kabla ya salamu kwisha, na salamu zetu haziishi. Nilimuuliza habari za safari, za mama yake, za taa za ngazini, za mbwa wake, nikarudi kwa mama yake tena. Nikamweleza ya wino. Mwishowe akacheka akasema sawa, Jumamosi inayofuata, saa ileile, kwa sababu jioni ana ndege. Jumatatu anatia saini na watu wa jimu. Baada ya hapo hakuna tena.

Nikaenda kwa Mwalimu Lin na furaha yangu. Nikamwomba siku hiyo aibadilishe saa ya wino. Akakataa. Nikamwomba basi watoto wajibu hodi yangu, neno moja tu. Akakataa vilevile, kwa upole uliokuwa mgumu kuliko ukali.

"Nikiwaambia leo acheni brashi kwa sababu kuna mtu mkubwa mlangoni," akasema, "Jumamosi nyingine nitawaambia nini?"

"Lakini hakutakuwa na Jumamosi nyingine."

Akageukia dirishani. Wiki ile niliudhika naye, nasema kweli. Nilimwona mkaidi, anayechoma nyumba ili asihame meza. Nikamlalamikia mke wangu, naye akaniuliza swali moja tu: "Na wewe ungeingia bila hodi?" Nikavuta sahani, nikala.

Jumamosi ikafika. Tukapanda, mimi na Dana. Nilikuwa nimevaa viatu vya raba visilie. Tulipofika juu nikasimama pembeni mwa mlango, uso ukutani, nikavuta pumzi niseme hodi.

Sikuisema. Nilimfikiria mtoto yeyote humo ndani mwenye mstari mrefu mkononi, na sauti yangu inaingia kama jiwe. Ufunguo nao ulikuwa kiunoni, na sikuutaka. Na kuondoka ndiyo kabisa sikutaka. Basi nikafanya kitu ambacho sikuwahi kufanya mlangoni mwa mtu. Nikamgeukia Dana nikasema kwa kunong'ona, "Tukae."

"Tukae wapi?"

"Hapa ngazini. Tungoje."

Akakaa, Mungu ambariki, na koti lake zuri kwenye ngazi yangu. Alitazama saa. Nikakumbuka ndoo ya Papa Ilunga.

"Sikiliza," nikamwambia.

"Sisikii kitu."

"Ndivyo huanza."

Tukasikiliza. Kwanza bomba la joto, kisha basi nje, kisha, chini ya hayo yote, kitu kinasuguliwa. Polepole, mduara baada ya mduara, mikono mingi kwa pamoja, kama watu wanaosaga kitu laini sana. Nikamwona Dana kainua kichwa. "Ni nini hicho?" Nikamwambia ni wino unatengenezwa. Akasogea karibu na mlango. Kisha msuguo ukakoma, na kimya kikaingia kizima kabisa. Nikajua sasa wanaandika, nikawa radhi kungoja mpaka jioni.

Lakini Dana hakuwa na jioni. Tulikaa. Akatazama saa tena. Tukakaa zaidi. Hatimaye akainuka, akajipangusa koti, akasema kwa sauti ya chini, "Seif, nasikitika, ndege haitanisubiri. Na mtu anaweza kusugua wino peke yake." Akashuka ngazi moja. Akashuka ya pili. Nikaweka mkono ukutani.

Ndipo ikatoka ndani, sauti ndogo ya mama mzee, imelikunja neno kwa matamshi yake lakini neno lenyewe zima.

"Karibu!"

Na nyuma yake chumba kizima: "Karibu!"

Sikuwa nimesema hodi. Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunikaribisha kabla sijabisha. Dana aligeuka ngazini, akanitazama, nami nikamfungulia mlango.

Watoto walikuwa wameketi mikono mapajani, chumba kimejaa, brashi zimelazwa kando ya karatasi. Kila karatasi ilikuwa na herufi iliyoishia katikati. Dana alisimama akiwatazama mmoja mmoja. Kisha akaenda dirishani, akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara kwenye bango la duka la simu, akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Pale pameandikwaje? Nimelipita tangu utotoni." Chumba kikasoma kwa pamoja, kwa nguvu, na mbao zangu zikacheza. Akaonyesha jingine. Wakasoma. Akaonyesha la kahawa, na hata wale wadogo kabisa wakasoma, wakisukumana kufika dirishani. Watoto wale wakavunja ukimya wote waliouweka tangu ghorofa ile iwe yao, na hakuna aliyewakataza.

Nilimsindikiza Dana mpaka chini. Mlangoni akasema, "Mwambie mwalimu shule inabaki. Watu wa jimu watapata pengine." Akakimbilia ndege yake.

Nilipanda ngazi zile na magoti haya kama kijana. Watoto walikuwa wanavaa makoti. Mwalimu Lin alikuwa mezani kwake mbele ya karatasi yake mwenyewe, nayo imeishia nusu. Kabla sijafungua kinywa akaniuliza, na sauti yake ilikuwa na ghadhabu kidogo.

"Mbona hukubisha hodi? Niliwaambia wote waweke brashi chini, tukakungoja, mpaka nikasikia viatu vinashuka ngazi. Tumengoja mpaka wino ukakauka."

"Nilikuwa nangoja wino ukauke," nikasema.

Alinitazama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na alicheka mpaka ikabidi ashike meza. Nikampa habari ya Dana akiwa bado anafuta macho.

Brashi zote zilikuwa zimegandamana. Nikazikusanya, nikashuka nazo kwenye sinki la chini kuziosha. Brashi ya wino, kwa taarifa yenu, huoshwa kwa maji baridi, taratibu, mpaka maji yatoke meupe, kisha hutundikwa ncha ikiangalia chini. Ukiisimamisha kichwa juu, maji huingia kwenye mpini na manyoya hung'oka.